Kati ya "Mpendwa" na "Wako mtiifu": namna ya kufungua na kufunga barua ya kikazi

Swali la msomaji: "Mimi ni katibu muhtasi katika kampuni ndogo ya kusafirisha mizigo hapa Morogoro. Bosi wangu ameagiza kila barua ianze na 'Mpendwa' na iishe na 'Wako mtiifu', iwe inakwenda Manispaa, kwa mteja tunayemdai, au kwa wenzetu wa Nairobi tunaobadilishana nao mizigo. Juzi mteja mmoja mtu mzima alinipigia simu akicheka, akaniuliza tangu lini amekuwa mpendwa wetu. Je, kuna utaratibu unaokubalika? Na ninapowaandikia barua pepe au ujumbe wa simu wateja wenye umri wa baba yangu, nianze na shikamoo au niache?"

Mteja wako hakukosa adabu kucheka, kwa sababu alichokiona ni neno lililopotea njia. Anayeandika "Mpendwa" kwenye barua ya kudai malipo amefuata desturi ya Kiingereza, ambako neno la kufungulia barua limetumika muda mrefu mno hata maana yake ya mapenzi ikakauka, kiasi kwamba Mwingereza anaweza kumwandikia hivyo mtu anayekusudia kumpeleka mahakamani, na hakuna kati yao atakayehisi kitu. Kiswahili hakijalikausha neno hilo. Kwetu bado ni neno la barua za wachumba, ni neno ambalo waumini huitana kanisani, na ni neno tunalolisikia katika matangazo ya vifo, pale "mpendwa wetu" anapokuwa ni yule aliyekwisha kututoka. Benki na kampuni za simu zimelizoesha kidogo kwa ujumbe wao wa "Mpendwa mteja", na hapo sina ugomvi nalo, kwa kuwa ujumbe ule unakwenda kwa maelfu ya watu kwa mpigo mmoja na hakuna anayedhani kwamba ameitwa yeye. Barua yenye jina la mtu mmoja, anwani yake na kiasi anachodaiwa ni jambo jingine kabisa.

Kwa barua za kikazi za Tanzania, neno unalolihitaji ni "Ndugu", na inafaa ujue lilifikaje hapo lilipo ili ulitumie bila wasiwasi. Ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilisema kwamba binadamu wote ni ndugu zake na Afrika ni moja. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 neno hilo lilitoka kwenye ahadi likaingia katika mazungumzo na maandishi ya kila siku, likawa namna ya kumtaja kila mtu, kuanzia mkuu wa nchi hadi mfagizi wa ofisi. Mwaka huohuo Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria ya Bunge. Maofisa waliozoea kuandika barua zao kwa Kiingereza walihitaji namna ya kufungua barua kwa lugha yao, na "Ndugu" lilikuwa tayari midomoni mwa watu. Wako wanaolikwepa tangu mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, wakidhani kwamba ni mali ya chama. Nadhani wanajinyima bure, kwa maana neno hili lina faida ambayo "Bwana" na "Bibi" havina: halikuulizi kama unayemwandikia ni mwanamume au mwanamke, ameoa au ameolewa, ni kijana au mzee. Ukipokea hati ya kuagizia mizigo iliyowekwa sahihi na mtu aliyeandika herufi mbili na jina la ukoo tu, "Ndugu" litakuokoa na aibu ya kumwita mama mtu mzima "Bwana".

Ukimfahamu mtu na ukataka kutumia "Bw." au "Bi.", kuna jambo moja ambalo vitabu vingi vya uhazili hulipita haraka. Katika desturi ya Kiingereza neno la heshima huambatana na jina la ukoo. Kwetu majina hayakupangwa hivyo. Tuseme mteja wako anaitwa Asha Juma Ali: Juma ni baba yake na Ali ni babu yake, hivyo ukimwandikia "Bi. Ali" umemwita kwa jina la mwanamume aliyekwisha kufariki pengine miaka arobaini iliyopita. Mwite "Bi. Asha", kama anavyoitwa na kila mtu anayemheshimu, au andika majina yote matatu endapo barua ni ya mara ya kwanza. Kwa wateja wanaotumia majina ya ukoo, kama ilivyo kwa wengi wa bara, jina la ukoo linakubalika, lakini hata wao hawaoni tatizo jina zima likiandikwa. Halafu kuna "Bibi" na "Bi." Pwani "Bibi" ni neno la heshima kwa mwanamke yeyote, ilhali sehemu nyingi za bara ni mama wa baba au mama wa mama. Tumia "Bi.", ambalo limeachana na umri na ndoa, na hakuna atakayekupigia simu akicheka.

"Ndugu" haliondoi cheo ambacho mtu amekipata kwa elimu au kwa wadhifa. Daktari abaki Dkt., mhandisi abaki Mhandisi, wakili abaki Wakili. Mbunge, waziri, mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, diwani na hakimu huitwa "Mheshimiwa", na Meya, kama ujuavyo hapo Morogoro, ni "Mstahiki Meya". Mkurugenzi wa Manispaa ni mtendaji, haitwi Mheshimiwa, na ninakutahadharisha kwa sababu siku hizi neno hilo linamwagwa kama maji ya kunawa, hadi dalali wa viwanja anaitwa Mheshimiwa kwenye barua ya kuomba risiti. Heshima ikizidi kipimo humfanya anayeisoma ajiulize anaombwa nini. Ikitokea mnabeba saruji ya ujenzi wa kanisa au msikiti, kumbuka kwamba askofu wa Kikatoliki ni "Mhashamu", chini yake kuna "Padre", katika makanisa mengine kuna "Mchungaji", na upande wa msikiti kuna "Sheikh" au "Imamu". Hapo usiweke "Ndugu".

Nije kwenye barua ya Manispaa, ambayo ndiyo nyepesi kuliko zote ingawa watu huiogopa zaidi. Barua ile huiandikii mtu, unaiandikia ofisi. Inapokelewa masijala, inagongwa muhuri, inaingizwa kwenye jalada, inapewa namba ya folio na kupelekwa kwa ofisa ambaye humjui na ambaye mwezi ujao anaweza kuwa amehamishiwa Kilosa. Ndiyo maana anwani inasema "Mkurugenzi wa Manispaa" bila jina la mtu, na ndiyo maana barua nyingi za serikali zenyewe hazina salamu kabisa: baada ya anwani linafuata neno "Yah:", yaani yahusu, na kichwa cha barua kwa herufi kubwa, kisha maelezo. Wewe unaweza kuweka "Ndugu," kwenye mstari wake kabla ya "Yah:", na hutakuwa umekosea. Lakini adabu ya kweli katika barua ya namna hii iko mahali pengine, katika kuandika Kumb. Na., yaani kumbukumbu namba, ya barua yao mliyoipokea pamoja na tarehe yake, ili mhudumu wa masijala asihangaike kutafuta jalada. Mara nyingi barua zenye salamu tamu na zisizo na kumbukumbu hulala pale wiki nzima.

Na kwa kuwa tumefika kwenye mstari wa kwanza wa maelezo, niruhusu nilalamike kidogo. "Husika na somo tajwa hapo juu" ni sentensi inayoanza barua nyingi mno nchini, na haina maana. Kitenzi "husika" kimewekwa katika hali ya kuamuru, kana kwamba unamwamuru msomaji awe sehemu ya jambo ambalo bado hajaambiwa ni lipi, tena mara baada ya kichwa ambacho amekwisha kukisoma kwa macho yake. Nimewahi kuisoma hata katika barua ya rambirambi. Ikiwa unajibu barua, andika "Tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na. fulani ya tarehe fulani". Ikiwa huijibu barua yoyote, anza na jambo lenyewe: "Tunaomba kibali cha kuegesha magari matatu ya mizigo katika eneo la...". Ofisa mwenye barua arobaini mezani atakushukuru kimoyomoyo.

Sasa tuzungumzie kufunga, ambako ndiko bosi wako amekosea zaidi. "Wako mtiifu" nalo lina historia. Katika enzi za Waingereza barua za ofisi ziliishia kwa mwandishi kujitaja kuwa ana heshima ya kuwa mtumishi mtiifu wa anayemwandikia, na ofisa wa wilaya aliweza kumnyima mtu haki ya shamba lake kisha akajiita, mistari miwili baadaye, mtumishi wake mtiifu. Kwao lilikuwa pambo. Lilipohamia Kiswahilini lilikuta utii una uzito wake: mtoto humtii mzazi, askari humtii kamanda, raia hutii sheria. Kwa hiyo linafaa pale tu ambapo kuna utii kweli au mfano wake. Anayeomba kazi hujiita mtiifu kwa sababu akiajiriwa atapokea maagizo. Mwanafunzi anayemwandikia mkuu wa shule, mfanyakazi anayeomba likizo, mwananchi anayeomba huduma kwa mkuu wa wilaya, wote hao wanaweza kulitumia bila neno kukataa kukaa. Mfanyabiashara anayemdai mwenzake fedha si mtiifu wake hata kidogo.

Nililijifunza hilo kwa njia mbaya. Nilipokuwa katibu muhtasi kijana, ofisi niliyofanyia kazi ilinipa barua ya kumwonya mteja kwamba asipolipa ndani ya wiki mbili tutamfikisha mahakamani, nami nikaifunga kama nilivyofundishwa. Jibu lilikuja kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari. Aliandika kwamba amefurahi kusikia kuwa sisi ni watiifu wake, na kwamba kwa mamlaka hayo anatuamuru tusubiri hadi mavuno. Mkuu wangu alicheka hadi akafuta machozi, kisha akaniita tukaiandike upya, na tangu siku hiyo kila ninapoweka neno mwishoni mwa barua hujiuliza kwanza kama ninayemwandikia angeweza kulichukua kama lilivyo na kunibana nalo.

Kati ya wafanyabiashara, "Wako mwaminifu" linakaa vizuri zaidi. Uaminifu ndio mtaji wa biashara. Mtu anayekukabidhi magunia mia mbili ya mpunga uyafikishe Dar es Salaam amekupa kwa uaminifu na si kwa utii. Wapo wanaolalamika kwamba neno hilo linanuka ndoa. Sijaona mteja akilichukulia hivyo, na anayelichelea ana njia nyingine inayotumiwa sana na ofisi za umma, nayo ni kufunga kwa sentensi kamili badala ya "Wako" yoyote: "Nakutakia kazi njema", au "Tunakutakia kazi njema" ikiwa ni kampuni inayosema, kisha sahihi, jina na cheo. Kwa barua ya kuomba au ya kupeleka taarifa juu, kuna "Naomba kuwasilisha", ambalo limetokana na dokezo za ndani ya ofisi na linamwambia mkubwa kwamba uamuzi sasa ni wake. Barua yako ya Manispaa ikiishia hapo imeishia pazuri.

Utakutana pia na "Wako katika ujenzi wa taifa", hasa kwenye majalada ya zamani na katika barua za wazee waliostaafu. Nakiri kwamba nina mapenzi nalo. Linawaweka mwandishi na msomaji bega kwa bega, wote wakiwa wamebeba tofali, bila anayemtii mwenzake. Lakini ankara ya kusafirisha mbao ikifungwa hivyo leo itamfanya msomaji atabasamu, na tabasamu silo unalolitaka kwenye ankara. Vivyo hivyo na vifungo vya imani, kama "Wako katika Kristo" au "Wabillahi taufiq": ni vya taasisi zenyewe za dini zinapoandikiana, na kampuni ya mizigo inayohudumia kila mtu ingefanya vizuri kuviacha. "Wasalaam" ni tofauti. Hapo zamani watu wa pwani waliandikiana kwa hati za Kiarabu, barua ikianza kwa kumtaja aandikiwaye kwa sifa zake, jenabi, sheikh, muhibu, akramu, ikifuata salamu, kisha "baada ya salamu" ndipo shauri lenyewe, na mwisho "wasalaam" na jina la aliyeandika. Sifa zile zote zimepukutika isipokuwa hiyo ya mwisho, ambayo sasa inatumiwa na Mwislamu na asiye Mwislamu bila yeyote kushtuka, nami ninaipenda kwa barua pepe, ingawa kwenye barua yenye nembo ya kampuni ninaiona nyepesi kidogo.

Kuna kosa la sarufi ambalo limejificha katika vifungo hivi na ambalo msomaji makini huliona mara moja. "Wako" ni wa mtu mmoja. Ukiwaandikia wanachama wote wa ushirika wa wakulima, wewe ni "wenu": "Wenu mwaminifu". Barua ikitiwa sahihi na wakurugenzi wawili kwenda kwa mteja mmoja, wao ni "Wako waaminifu", na wakiwaandikia watu wengi, "Wenu waaminifu". Jambo hilohilo linahusu nafsi ndani ya barua. Wengi huanza na "tunapenda kukujulisha", katikati wakaingiza "naomba", na mwisho wakarejea "tunatumaini", hata msomaji asijue kama anazungumza na kampuni au na karani. Chagua nafsi moja kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Tena ukitia sahihi badala ya bosi, weka "K.n.y.", yaani kwa niaba ya, mbele ya cheo chake, na yeye mwenyewe akitia sahihi liondoe, maana mkurugenzi hawezi kuwa kwa niaba ya mkurugenzi.

Kufungua na kufunga kuwe na umbali uleule. Barua isivae kanzu juu na kaptula chini: aliyeanza na "Mheshimiwa" asiishie na "Asante, karibu tena", na aliyeanza na "Habari za kazi, Bi. Asha" asijikaze mwishoni na "Wako mwaminifu" kana kwamba ameingia mgeni chumbani. Ikiwa huna uhakika na umbali, tazama barua yao ya mwisho kwenu na uige, ukisogea hatua moja tu kuelekea upande wa heshima.

Kwa Nairobi, kanuni hiyo ya kuiga itakusaidia zaidi ya yote niliyosema kuhusu "Ndugu". Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ila barua nyingi za kibiashara kule bado huandikwa kwa Kiingereza, na zile za Kiswahili hufuata mtindo unaofundishwa shuleni: "Kwa Bw." au "Kwa Bi." pa kuanzia, kichwa kinachotanguliwa na "KUH:" au "MINT:", yaani kuhusu na mintarafu, pale ambapo sisi tunaandika "Yah:", na "Wako mwaminifu" mwishoni. "Mpendwa Bwana" nalo lina wazoefu wake kule, hivyo ukilipokea usicheke kama mteja wako wa Morogoro. Lakini usiwapelekee "Ndugu". Masikioni mwa Wakenya wengi ndugu ni kaka, wa damu au wa imani, na meneja mwanamke atadhani umemkosea jinsia yake. Mwandikie "Kwa Bi." na jina lake kama anavyoliandika mwenyewe.

Sasa swali lako la shikamoo, ambalo nimeliacha nyuma makusudi kwa sababu ndilo lililonifikirisha. Shikamoo haijitoshelezi, ni nusu ya salamu. Nusu nyingine ni marahaba, na mpaka marahaba itamkwe salamu haijakamilika. Ndiyo maana inapendeza ana kwa ana na kwenye simu, na ndiyo maana kwenye barua inabaki ikining'inia, kijana akiwa ameinamisha kichwa kusubiri jibu ambalo labda litafika baada ya siku tano. Isitoshe, kwenye karatasi yenye nembo anayesema ni kampuni, na kampuni haina umri: haiwezi kumwamkia mzee wala kuamkiwa na mtoto. Ukiweka shikamoo kwenye barua ya ankara umejitoa kwenye kiti cha kampuni ukakaa kwenye mkeka wa mjukuu, na ni vigumu kudai fedha ukiwa umekaa pale.

Kwenye ujumbe wa simu hali inageuka. Pale mzee anaona jina lako na pengine picha yako, anajua ni binti yule wa ofisini, na jibu lake linaweza kuja papo hapo. Kwa mteja unayemfahamu na ambaye ungemwamkia mkikutana sokoni, anza na "Shikamoo, Mzee" kisha taja jambo katika ujumbe huohuo, usimwache akisubiri baada ya salamu kama wanavyofanya wengi, ambao hutuma "Shikamoo" peke yake saa tatu asubuhi na kueleza shida yao saa nane. Mwenye umri wa baba yako ukimrukia na mzigo bila kumwamkia ataona ni utovu wa malezi, na atakuwa na haki. Kama humfahamu, "Habari za kazi" inatosha kwa rika zote. Epuka "Habari za asubuhi" kwenye barua pepe, kwa kuwa hujui ataifungua saa ngapi, na epuka "mkuu", "bosi" na "kiongozi", ambayo ni maneno ya kijiweni hata yakiandikwa kwa herufi kubwa. Kwa wateja wa Unguja na Pemba, mara nyingi barua pepe itakufikia ikianza na "Assalaam alaykum". Jibu salamu hiyo kwanza ndipo uendelee, hata kama wewe si Mwislamu, maana kuacha salamu bila jibu kunaonekana kuliko kukosea jina. "Kila la heri" sikushauri ulifanye kifungo cha kawaida. Tunalisema kwa anayekwenda kwenye mtihani, safari au maisha mapya, na mteja akilisoma anaweza kudhani mmemuaga.

Limebaki jambo la barua ya madai, ambayo naona ndiyo inayomfanya bosi wako akimbilie "Mpendwa" na "mtiifu". Anaogopa kumuudhi mteja, kwa hiyo anapaka asali juu na chini ya karatasi na kuacha ukali katikati. Kinachouma au kupoza katika barua ya Kiswahili ni kitenzi. "Lipa deni lako kabla ya Ijumaa" ni amri. "Tunaomba ulipe deni lako kabla ya Ijumaa" ni ombi, lakini bado kidole kiko machoni pake, kwa sababu ya "ulipe" na "lako". "Tunaomba malipo hayo yakamilishwe kabla ya Ijumaa" inasema jambo lilelile huku ikimpa nafasi ya kusimama wima. Neno "deni" lenyewe ni zito kwetu, na "malipo yaliyobaki" hufanya kazi yake bila kelele. "Natanguliza shukrani", ambayo ni nzuri kwenye ombi la kibali au la taarifa, iache kwenye madai, kwa maana kumshukuru mtu kwa fedha ambazo hajatoa kunasikika kama kejeli. Na ukisikia kwamba mteja amefiwa, isimamishe barua ya madai kwa muda, mpelekee kwanza ya pole, fupi, isiyotaja mizigo wala ankara.

Ningeiandika hivi barua yenu kwa mteja yule aliyecheka. Baada ya anwani, Kumb. Na. na tarehe:

"Ndugu,

Yah: MALIPO YA ANKARA NAMBA ... YA TAREHE ...

Tunarejea ankara iliyotajwa hapo juu, ambayo malipo yake yalitarajiwa kukamilika ndani ya siku 30 tangu mzigo ulipofikishwa. Hadi tarehe ya barua hii hatujapokea malipo hayo.

Tunaomba yakamilishwe ifikapo tarehe ... Endapo kuna jambo lolote katika ankara hiyo ambalo halikuwa sawa, tafadhali tufahamishe ili lirekebishwe. Ikiwa malipo yamekwisha kufanyika, tunaomba tutumiwe nakala ya stakabadhi, na barua hii ihesabiwe kuwa haikuandikwa.

Tunathamini kazi ambazo umeendelea kutukabidhi.

Wako mwaminifu,"

Kisha nafasi ya sahihi, jina la bosi wako kwa ukamilifu, na cheo chake. Umeniambia kwamba yeye ndiye aliyetoa agizo la "Mpendwa", kwa hiyo sikushauri uende kumsomea jibu langu. Ichape barua hii, uichape na ile ya zamani, uzipeleke zote mbili mezani kwake bila maelezo, umwombe atie sahihi mojawapo.